Pano hazikuuawa na jua

Wandugu vijana wa Dilolo, wa Kasaji, wa Kolwezi,

Taa za jua za barabarani zikizimika, wakubwa wana jibu moja tu: «Pano zilisha kuzeeka, jua iliziunguza.» Tunakataa. Munatudanganya.

Ndiyo, pano inazeeka. Inakaa nje mchana na usiku, inapanuka kwa joto, inasinyaa kwa baridi, mwisho seli zake zinapata nyufa. Miale inageuza plastiki ya ndani kuwa ya manjano. Maji ya mvua yakipata njia pembeni, yanaleta kutu. Lakini ni pole pole sana! Vipimo vya nchi nyingi vinaonyesha pano nzuri inapoteza karibu nusu ya asilimia 1 kwa mwaka. Penye joto kali inaweza kufika 1. Fanyeni hesabu: pano ya wati 100, kisha miaka 10, ingali inatoa 90 ao zaidi. Viwanda vingi vinaweka garanti ya miaka 25, na hata mwaka wa mwisho vinaahidi kama 80. Basi taa iliyokufa kisha miaka miwili, uzee wake uko wapi?

Kinachokufa kwanza ni batri. Ile ya asidi, katika joto, ikimalizwa kila usiku, hata miaka 3 ni bahati. Kila fundi wa sokoni anajua. Mkataba usioweka franka za batri ya pili ni mkataba wa kukata riboni na kupiga picha.

Halafu vumbi. Wakati wa jua, ile vumbi nyekundu inafunika kila kitu, na hakuna anayepanda na ndoo. Jani moja la mwembe likiganda juu ya seli, seli ile inashika joto na kuungua, sababu zile zingine zinaisukuma. Ni kazi ya kitambaa na maji! Niko na lisansi, sina kazi, ile nguzo ningepanda mimi mwenyewe.

Na pano za uongo: etiketi inasema wati 150, ndani hazipo. Nani alipima siku ya kupokea?

Musituambie hakuna pesa. Kodi ya Migodi ya 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya redevansi ya madini. Tangu 1982 waya wa Inga unaleta moto Kolwezi kwa ajili ya migodi, na siye mama zetu wanazalia kwa mwanga wa telefone.

Tunadai mikataba yote ya taa za jua itangazwe: wati, garanti, jina la anayetunza. Tunadai pano zipimwe saa sita mchana mbele ya watu, tukianza na nyumba za uzazi.

Wiki hii, piga picha ya kila nguzo iliyozimika mtaani kwako, na ya etiketi ya batri kama inaonekana. Andika mwaka ilipofungwa. Tutumie.