Ufagio mkavu ni hatari kuliko njiwa wenyewe

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna nyumba mbili: ya kukodi hapa mjini, na ile ya mabati mliyojenga nyumbani, ambayo hutiwa kufuli Januari na kufunguliwa Desemba. Ikiwa nyumba hiyo iko Kyuso au kwingineko upande ule wa kaunti ya Kitui, yamkini haikai tupu. Njiwa hupenya pale palipo na pengo kati ya ukuta na mabati, wakalala darini na kutaga humo humo. Mwenye nyumba afikapo likizoni hukuta barazani na darini kumejaa kinyesi, kikavu kama unga. Jambo la kwanza afanyalo ni kumwita kijana na kumpa ufagio.

Hapo ndipo ninapopinga. Mnamo mwaka wa 1955, mtaalamu wa Marekani, Chester Emmons, alionyesha kwamba kuvu iitwayo kriptokokasi hukaa katika kinyesi cha njiwa. Njiwa mwenyewe aghalabu haugui. Kinyesi kikuukuu kilichokauka kivulini ndicho kinachoihifadhi kuvu hiyo, na ufagio huirusha hewani ikavutwa hadi mapafuni. Sisemi kwamba kila aliyelala karibu na njiwa ataugua; kuvu hii hupatikana hata katika udongo na miti, na mtu mwenye afya huenda asihisi lolote. Lakini yule mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake imeshuka, au anayetumia dawa za kudhoofisha kinga, yumo hatarini kupata homa ya uti wa mgongo. Homa hii haiji kwa kishindo. Huanza na kichwa kuuma siku nenda siku rudi, kisha homa, kutapika na macho kuona vitu viwili viwili. Wengi hudhani ni malaria, wakameza tembe za dukani hadi wakachelewa. Na je, unajua hali ya afya ya kijana uliyempa ufagio?

Basi lowesha kwanza. Najua kwamba Kyuso maji hayamwagwi ovyo, lakini dumu moja lenye sabuni ni rahisi kuliko kitanda cha hospitali. Nyunyiza polepole mpaka kinyesi kilowe hadi chini, ukichote kwa sepetu, ukitie guniani na kukizika. Vaa glavu, na barakoa nzito ya aina ya N95. Leso puani haizuii vumbi hilo. Mwenye pumu na mwenye kinga dhaifu wakae mbali.

La pili ni tangi. Katika nchi ile kavu paa ndilo kisima. Milimita moja ya mvua juu ya paa la mita mraba 100 hutoa takriban lita 100 za maji, na mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba huteremsha kila kilichoachwa na njiwa tangu Mei, pamoja na vijidudu vinavyoleta kuhara. Ushauri wangu utawaudhi wengi: lita hizo 100 za kwanza, yaani madumu matano ya lita 20, zisiingie tangini. Geuza bomba la gata, uzikinge kando na kumwagilia mipapai. Safisha gata kabla ya mvua, funika tangi, na maji ya kunywa yachemshwe bado.

Wapo watakaosema dawa yao ni sumu. Hao nawaomba wakumbuke yaliyofichuliwa Bunyala, kaunti ya Busia, karibu na mwaka wa 2010, ambako ndege walitegwa kwa karbofurani na nyama yao ikauzwa. Sumu hiyo humtoa mtu mate na jasho, humkaza misuli na kumzuia kupumua. Njiwa aliyekula sumu haanguki uani mwako peke yake. Huanguka pia mahali watoto wa jirani wanapochunga mbuzi, nao wana njaa na kiberiti.

Kuziba pengo kwa wavu wa kuku ni kazi ya siku moja kwa fundi. Hakikisha kwanza hamna makinda. Yai la njiwa huanguliwa kwa siku 18 hivi, na kinda huhitaji wiki nne au zaidi kabla ya kuruka. Ukiwafungia ndani, watakufa na kuoza juu ya kitanda chako. Ikiwa watoto wa nyumbani wanafuga njiwa, waachwe wafuge, ila kizimba kiwekwe juu ya nguzo mbali na paa na tangi.

Mpigie simu aliyekuwekea ufunguo mwezi wa Agosti, usingoje Desemba. Mwambie asifagie.