Kupima presha Tudor si sawa na kuijua afya ya Tudor

KILA inapowadia Mei 17, siku ya shinikizo la damu duniani, au Novemba 14, siku ya kisukari, meza ya habari hupokea picha za aina moja: hema jeupe, foleni ya akina mama, na muuguzi akimfunga mzee mkanda wa kupimia presha. Chini yake huandikwa idadi ya waliopimwa na ya waliokutwa na maradhi. Nimezihariri habari hizo kwa miaka mingi, na nakiri kwamba mara nyingi nimeziacha zipite bila kuuliza swali lililo wazi: vipi kuhusu wale ambao hawakuja?

Chukua mtaa wa Tudor, kisiwani Mombasa. Una hospitali ya kaunti ndogo, una chuo kikuu cha ufundi, una nyumba za zamani, magorofa mapya na vibanda vya Moroto. Rejista ya hospitali humhesabu aliyefika hospitalini. Presha, hata hivyo, haina maumivu ya kumtoa mtu nyumbani. Muuza viazi karai aweza kukaa nayo miaka kumi asijue, na siku anapofikishwa hospitalini huwa amekwisha kupooza upande mmoja. Hema nalo humpata mwenye nafasi na mwenye wasiwasi. Dereva wa tuktuk na kibarua wa bandarini hawaonekani hapo saa nne za asubuhi.

Ndiyo sababu wataalamu wa afya ya umma hawaridhiki na rejista wala hema. Wao huchagua kaya kwa kura, wakabisha hodi, wakauliza, wakapima. Kenya ilifanya utafiti wa namna hiyo mwaka wa 2015, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uitwao STEPS wenye hatua tatu: maswali kuhusu tumbaku, pombe, chakula na mazoezi, kisha vipimo vya presha, uzani, kimo na kiuno, na mwisho sukari na mafuta katika damu. Watu wazima wapatao 4,500 wa umri wa miaka 18 hadi 69 walihojiwa.

Matokeo yalitisha. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao. Kwa upande wa sukari, takriban asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa. Miongoni mwa wenye presha, waliokuwa wakitumia dawa hawakufika mmoja kati ya kumi.

Lakini tufanye hesabu ndogo. Watu 4,500 wakigawanywa kwa kaunti 47, wastani ni chini ya watu mia moja kwa kila kaunti. Mombasa, ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu 1,208,333, haiwezi kujijua kwa sampuli ya kiasi hicho, sembuse Tudor. Utafiti ule uliundwa kuizungumzia nchi nzima, na kulinganisha miji na mashambani. Aidha, Shirika la Afya Duniani linapendekeza urudiwe kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mkakati wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza wa 2021/22 hadi 2025/26 bado uliegemea tarakimu za 2015.

Jirani zetu wa Kilifi wana bahati. Tangu mwaka wa 2000, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust huwahesabu, kaya kwa kaya, wakazi wa eneo linaloizunguka hospitali kuu ya huko. Walipowafunga baadhi yao mashine ya kupima presha kwa saa 24, ilibainika kwamba wengine waliokuwa wameonekana wagonjwa kwa kipimo cha mara moja hawakuwa na presha ya juu katika shughuli zao za kawaida, na wengine walioonekana wazima walikuwa nayo. Mwenye hema na alisikie hilo.

Kisiwani tulipata fundisho kwa njia ya uchungu. Mei 2020 serikali ilipoufunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona, taarifa za kila siku zilitaja kisukari na presha miongoni mwa waliofariki. Maradhi ya miaka mingi yalijulikana kwa kuhesabu maiti.

Septemba 2023 Rais William Ruto aliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba yenye mashine za presha na sukari, na simu za kutumia taarifa. Hii ni hatua kubwa, na simdharau mama anayepanda ngazi na mkoba wake juani. Ila mhudumu huyo humkuta aliyeko nyumbani mchana: bibi, mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa. Tarakimu zake zitawasaidia hao, nazo zitamficha baba wa nyumba.

Finland ilianza kupima watu wa jimbo la North Karelia mwaka wa 1972, wanaume wake walipokuwa wakifa kwa moyo kupita kiasi. Ikarudi kila baada ya miaka mitano, kwa sampuli mpya. Ndivyo ilivyojua kwamba mafuta na tumbaku vinapungua, na vifo navyo.

Kaunti ya Mombasa haihitaji kuanzia sifuri. Sensa ya 2019 iliacha ramani za maeneo ya kuhesabia; wahudumu wapo, mashine zipo. Kinachokosekana ni kura ya haki ya kuchagua milango, na posho ya kumrudisha mhudumu Moroto jioni au Jumapili, wakati dereva wa tuktuk amekaa barazani akinywa chai yake ya vijiko vitatu.