Jua Litupashe Joto Nyumbani

Miezi ya Juni na Julai, Njombe na Makete kuna baridi kali. Watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na kulala. Jambo hili ni la hatari. Mkaa hutoa hewa ya sumu. Haina rangi wala harufu. Huua watu wakiwa usingizini.

Wengine husema, "Nina sola, nitanunua hita." Haya, tufanye hesabu. Hita hutaka wati 1000. Paneli yako ni ya wati 50. Utahitaji paneli 20, tena jua likiwa kali. Na baridi huzidi usiku! Sola ndogo ni ya taa na redio.

Maoni yangu ni haya: nyumba yenyewe ipokee jua. Miezi hiyo jua hupita upande wa kaskazini. Basi dirisha kubwa la kioo liwe kaskazini. Ukuta mnene wa matofali hushika joto la mchana, hulitoa usiku. Weka dari. Jioni funga pazia zito.

Je, jua lina bei? Halina. Jiko libaki jikoni, watoto waamke salama.