Risala ya Wanangoma, Manahodha na Mafundi wa Lamu kwa Wenye Dhamana ya Matamasha na Utalii

Mheshimiwa mgeni wa heshima, masharifu na wazee wetu, akina mama, manahodha wenzetu, na nyote mliokusanyika hapa Mkunguni mbele ya ngome,



Sisi tunaosimama mbele yenu mnatuona kila tamasha likifika. Ni wapigaji wa goma, uta na kirumbizi, akina mama wa vugo na wapaka hina, manahodha na mabaharia, wenye punda, mafundi wa vyombo kutoka Matondoni na wasusi wa mikeka kutoka Kipungani, washonaji wa kofia, wachongaji wa milango, mafundi wa viatu vya ngozi kutoka Siyu, wapishi, na vijana wanaotembeza wageni. Tumekaa vikao na kusikizana, na yote yaliyomo humu tumeyakubali pamoja. Hatutaji jina la mtu wala la ofisi, kwa kuwa haya yamepita katika mikono mingi kwa miaka mingi. Tunayemtafuta leo ni mwenye uwezo wa kuyarekebisha.

Lalamiko letu kuu ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Shughuli zinazoleta wageni Lamu zinasimama juu ya kazi zetu, lakini linapokuja suala la kupanga tarehe, kugawa fedha na kukata shauri, sisi hatumo. Tunaitwa siku ya kucheza.

Tuanze na tarehe. Mashindano ya mashua yanataka upepo na maji, na vyote viwili havipokei barua ya mwaliko. Tarehe zetu hupangwa kwa kutazama likizo za mashirika na nafasi za ndege zinazotua Manda. Mara nyingi siku iliyochaguliwa inaangukia bamvua, na nahodha yeyote angewaambia kwamba bamvua la kwetu maji yake hupwa asubuhi, saa zile zile wageni wanapoletwa gatini. Mashua zilizofungwa ufukweni zinakutwa zimekaa juu ya matope. Mgeni aliyeahidiwa kuvuka kwenda Takwa anaambiwa mkondo wa mikokoni haupitiki mpaka maji yarudi. Tena miezi ya matlai, kusi likiwa limekwisha na kaskazi haijashika, upepo unaweza kufa mchana kutwa. Mashindano yakipoa, watangazaji husema manahodha wa siku hizi wamelegea. Hawa ni watu waliofundishwa bahari na baba zao tangu hawajaweza kushika usukani. Neno hilo limetuumiza.

Tunachodai hapa ni chepesi. Tarehe isitangazwe kabla ya manahodha kuketi na waandaji, jedwali la maji kujaa na kupwa likiwa mezani, na mwezi ukihesabiwa. Mashindano yaanze saa ambayo maji yanaruhusu, hata kama mgeni wa heshima atalazimika kungoja mpaka alasiri. Na siku hiyo iwepo boti ya uokoaji yenye injini, na jaketi za kuokoa maisha kwa kila baharia. Mpaka leo mabaharia hutegemea kuogelea na rehema ya Mungu.

Kuhusu Maulidi tunasema kwa upole lakini kwa mkazo. Maulidi ya Lamu yana wenyewe. Yalikuzwa na Habib Swaleh, aliyeuasisi Msikiti wa Riyadha, na tarehe yake inafuata mwezi: kila mwaka mwezi wa Mfungo Sita hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja katika kalenda ya kizungu. Watu hufunga safari kutoka Tanzania na Visiwa vya Ngazija, hulala majumbani mwetu na hula kwetu, na hatuwatozi. Tunafurahi mgeni asiyekuwa Mwislamu akija kutazama, na tumemkaribisha siku zote. Lakini ibada hii isiandikwe katika vijitabu vya utalii kama onyesho, wala jukwaa la muziki lisitiwe karibu na siku zake, wala mpiga picha asiingie baina ya safu za watu wanaosoma. Masharti ya wageni yatolewe na wazee wa Riyadha wenyewe, na waandaji wa shughuli nyingine wayafuate.

Sasa fedha. Huenda wengi hawajui mashua huingiaje mashindanoni. Wiki kadhaa kabla, chombo hupandishwa pwani maji yakijaa, yakipwa kinabaki kikavu. Magamba na mwani hukwanguliwa kwa mikono. Fundi hupita ubao kwa ubao akichungulia nyufa, huzitia pamba iliyolowa mafuta na kuishindilia kwa patasi na nyundo, halafu chini yote hupakwa shahamu na chokaa ili chombo kiteleze majini. Tanga la zamani likiwa limetoboka, linashonwa jipya, na mshonaji hukaa sakafuni nalo siku nyingi kwa kuwa tanga likikatwa vibaya chombo hakishiki upepo. Kamba zote hukaguliwa na foromali hubadilishwa ikiwa ina ufa. Muda wote huo mashua haivui wala haibebi abiria, yaani nyumba kadhaa hazina kipato. Chombo kinachoshinda hupata zawadi, na tunashukuru. Vingine vyote hurudi na deni. Baadhi yetu tumeacha kushindana kwa sababu hiyo, wala si kwa kuogopa kushindwa.

Wanangoma nao wana yao. Ngoma ya ngozi haipigwi hivi hivi. Kwanza hupashwa joto kwenye moto wa makuti mpaka ngozi ikaze na sauti itoke, na katika unyevu wa pwani huhitaji kurudishwa motoni tena na tena. Jukwaani hatupewi pahali pa kuwasha makuti. Tumewahi kupanda na ngoma zilizolegea, mbele ya wageni waliotoka mbali, tukapewa dakika chache kisha tukakatwa ili mfadhili ahutubie. Vugo ni ngoma ya wanawake na ya harusi. Pembe zake hujibizana na waimbaji, na mwimbaji huhitaji muda wa kuingia. Mama zetu wameambiwa waifupishe na waipige juani saa saba. Kisha malipo. Waandaji hupitisha fedha kwa mwenye zabuni, naye kwa msaidizi wake, na anayefika kwetu huwa na karatasi ya kusaini isiyoandikwa kiasi. Wapo waliongoja tangu tamasha moja mpaka likafika jingine. Fulana yenye jina la mfadhili si malipo.

Kwa hivyo tunadai mapatano ya maandishi, kwa Kiswahili, kabla ya kikundi chochote kuanza mazoezi. Nusu ya malipo itolewe kabla ya siku ya kwanza na nusu ndani ya siku 14 baada ya tamasha, moja kwa moja kwa simu ya kiongozi aliyechaguliwa na kikundi. Kila chombo kilichokaguliwa na kuonekana tayari kipewe msaada wa matengenezo, kishinde kisishinde. Hesabu ya tamasha zima, mapato na matumizi, pamoja na michango ya wafadhili, isomwe hapa hapa Mkunguni na kubandikwa ukutani ndani ya siku 60. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Ibara ya 201 inataka fedha za umma zishughulikiwe kwa uwazi. Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma na utalii wa mahali. Kwa hiyo haya hatuyaombi kama fadhila.

Kuna mtu atakayesema kwamba kushirikisha watu huchelewesha mambo. Tunamkumbusha kesi ya bandari ya Lamu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wakazi wa Lamu hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi ule, na kwamba haki yao ya utamaduni iliguswa, ikaamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kutotuuliza kuna gharama yake.

Jambo la picha limekuwa kubwa kuliko tulivyodhani. Sura za mama zetu wakipakana hina, wazee wakiwa na kanzu na bakora katika goma, watoto wakiwa juu ya punda, zimo katika matangazo ya nyumba za kukodisha na kampuni za safari ambazo hatujapata kuonana nazo. Tangu 2016 nchi hii ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka ridhaa ya wenyewe ipatikane kwanza na faida igawanywe kwa haki, na imezipa kaunti kazi ya kuandikisha mali hiyo. Tunataka daftari hilo lifunguliwe kwa ngoma zetu, ususi, nakshi za milango na ufundi wa mashua, na vijana waliosoma waajiriwe kuwaandikia wazee wangali hai. Mpiga picha wa biashara aandikiane mkataba na kikundi. Mgeni wa kawaida na simu yake hatuna neno naye, aulize tu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone; sisi tunaamini hivyo. Lakini vibanda vya ukingo wa bahari wakati wa tamasha hupewa wafanyabiashara wanaotua na shehena ya vinyago na vitambaa vilivyotengenezwa kwingine, na msusi wa Kipungani hupangwa nyuma ya jukwaa. Mpishi wa mkate wa mofa na samaki wa kupaka huambiwa leseni imefungwa. Wakazi wapewe nafasi ya kwanza, na bei ya kibanda ilingane na mfuko wa mwenye kazi za mikono. Sheria ya ununuzi ya 2015 inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 20 ya ununuzi wake kwa wakazi. Mahema, vyakula na usafiri wa tamasha viingie katika hesabu hiyo.

Wenye punda wanaomba mambo mawili tu. Daktari akague kila punda kabla ya mbio, na mpandaji anayempiga mnyama aondolewe.

Tunawasemea pia wenzetu walio mbali, kwa sababu kaunti haiishii Shela. Pate, Siyu yenye ngome yake, Faza, na magofu ya Shanga ambako wachimbuaji walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8, yote haya husikika katika hotuba na kusahauliwa katika ratiba. Waboni wa upande wa Kiunga na Basuba, wajuao kumfuata ndege mpaka kwenye mzinga wa asali, huletwa mjini kama pambo siku moja. Siku moja ya kila tamasha ihamie huko, kwa zamu baina ya visiwa na bara, na nauli ya boti igharimiwe kwa vikundi vinavyokuja mjini.

Tumepitia miaka migumu. Baada ya utekaji nyara wa 2011, kisha mashambulizi ya Mpeketoni na amri ya kutotoka usiku ya 2014, wageni walikatika, nyumba za kulala zikafungwa, na mashua za kutembeza watu zikaoza pwani. Wakati ule hakuna mfadhili aliyesimama hapa. Waliozishika ngoma, vyuo na nakshi zisipotee ni hawa hawa mnaowaona. Kwa hivyo biashara inaporudi, tunataka hesabu ianzie kwao.

La mwisho ni vilima vya mchanga vya Shela. Mgeni huvipiga picha jua likichwa. Sisi tunakunywa maji yaliyochujwa chini yake. Kila ukuta unaojengwa juu yake unatugusa visimani. Mji wa Kale uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 ukiwa mji wa watu wanaoishi humo, na watu bila maji huhama. Ujenzi juu ya vilima hivyo usimame, mipaka yake iwekewe alama zinazoonekana, na pikipiki zisipite katika vichochoro vya Mji wa Kale, hasa siku za mikusanyiko ambapo watoto wamejaa njiani.

Mheshimiwa, ili haya yasiishie katika makofi, tunataka kamati ya matamasha ambayo nusu ya viti vyake ni vya vikundi vilivyotajwa humu, wanawake wakiwemo, kila mmoja akichaguliwa na wenziwe na si kuteuliwa kutoka ofisini. Kamati hiyo ndiyo ipange tarehe, ipitishe bajeti na ichague wenye zabuni.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lisomwe hapa Mkunguni mchana kweupe. Tusipolipata, Maulidi tutayasoma kama kawaida, maana hayo hayana mpangaji wa tamasha. Lakini matanga ya mashindano hatutayatweka, ngoma hatutazipandisha jukwaani, na picha zetu tutazikataza mpaka tuitwe kuketi.

Wabillahi tawfiq.

Ni sisi, wanangoma, manahodha, mafundi, wenye punda na akina mama wa Lamu.