Dau la babu na kazi tuliyowapa watoto

DAU la marehemu babu lilikaa mchangani miaka sita. Lilikuwa Bagamoyo, chini ya mivinje, si mbali na soko la samaki, na kila tulipokwenda kuwasalimia wazee tulilikuta limezidi kuinama upande mmoja. Kuku walikuwa wanataga ndani yake. Baba alikataa katakata lisipasuliwe kuni, lakini kulitengeneza pia hakulitengeneza.

Likizo ya Juni mwaka huu kaka yangu akasema tulitengeneze wenyewe, familia nzima. Sababu aliyoitoa mbele ya watu ni kwamba baba anahitaji shughuli tangu apunguze kwenda baharini. Sababu ya kweli alininong'oneza wifi jikoni. Ilikuwa ni mtoto wao wa kiume. Ana miaka 11, na tangu aanze kushinda na simu ya mama yake, yeye na baba yake wamebaki na maswali mawili tu: umekula? umemaliza kazi za shule?

Naandika haya kwa mzazi anayefikiria kufanya jambo kama hilo na wanawe, iwe ni mtumbwi, baiskeli ya zamani, kabati la bibi au kuta za chumba. Naandika pia kwa sababu mwandishi wa habari za afya katika familia yetu ni mimi, na siku zote nne za mwanzo nilikuwepo pale, nikipiga picha.

Uzuri ulikuwepo, na sitaki usahaulike kwa yatakayofuata. Tulimwita fundi, mzee ambaye mtaa mzima humwita Fundi tu. Alilizunguka dau mara mbili bila kusema neno, akigonga mbao kwa mpini wa nyundo na kutega sikio. Mbao nzima hulia. Iliyooza humeza sauti. Alipomaliza akatoa hukumu: mbao tatu zibadilishwe, mataruma mawili yamekwisha, mkuku uko salama.

"Shikamoo Fundi, taruma ni nini?" mtoto akauliza.

Fundi akamgusa mbavu. "Marahaba. Haya hapa ndiyo mataruma yako."

Kuanzia hapo simu ilisahaulika ndani. Methali ya kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, mtoto huyu alishaijibu kwenye mtihani wa Kiswahili na akapata, bila kujua kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini kabisa maji yanakokusanyika. Siku hiyo alisimama ngamani, matope yakimfika kwenye vifundo vya miguu, akaitamka methali yote kwa sauti, halafu akacheka peke yake. Baba yake naye akacheka. Wifi alikuwa anaangalia kutoka barazani na hakusema kitu, ila chai ya jioni ile ilikuja na vitumbua.

Gharama za mbao na misumari sizitaji. Wifi anasoma ukurasa huu.

Sasa, kazi tuliigawa kwa namna ambayo nadhani familia nyingi zingeigawa. Kazi za ufundi wakachukua wakubwa: kupasua mbao, kutoboa kwa keke, kupiga kalafati. Kazi isiyotaka ufundi, yaani kukwangua rangi ya zamani, tukawapa watoto. Kaka na mwanawe walikaa upande mmoja na visu butu na msasa. Mdogo wake, wa kike, mwenye miaka minne, naye alilia apewe kazi, tukampa kipande cha msasa na kijiko. Rangi ya juu ilikuwa ya buluu. Chini yake ikatokea kijani, na chini ya kijani nyekundu iliyoelekea chungwa. Watoto walifurahi kila rangi mpya ilipotokea.

Alipochoka kukwangua, mdogo alikaa kivulini na kopo alilolikuta ndani ya dau. Lilikuwa na chubwi za babu, vile vipande vya risasi vinavyofungwa kwenye mshipi ili uzame. Akavifanya wali na maharage, akacheza kupikapika mchana kutwa.

Usiku wa siku ya nne nilikuwa nachagua picha. Nikaikuza moja. Mtoto amekaa mchangani na kitumbua mkononi, na kuzunguka midomo yake kuna unga wa buluu kama mtu aliyelamba sukari.

Oktoba mwaka jana, katika wiki ya kimataifa ya kuzuia sumu ya madini ya risasi, niliandika makala nzima kuhusu jambo hilihili. Niliandika na kuwaonya wazazi. Na siku nne hizo nilisimama pale na kamera nikimwambia mtoto atabasamu.

Ukisema risasi watu hufikiria bunduki, kwa hiyo nieleze. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilichanganywa na madini ya risasi kwa sababu huifanya rangi ing'ae, ikauke haraka na istahimili maji. Mara nyingi rangi kali kama njano, nyekundu, chungwa na kijani ndizo zilizobeba nyingi. Kwa macho huwezi kuitambua, wala kwa harufu. Rangi iliyoshika vizuri kwenye ubao hatari yake ni ndogo. Inapokwanguliwa, ikapigwa msasa mkavu au kuchomwa moto, ndipo inapogeuka vumbi na moshi, na vumbi hilo huishia kwenye vidole, na vidole vya mtoto wa miaka minne huishia mdomoni.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza kiasi kilekile alichomeza mtu mzima, mwili wake hunyonya mara nne hadi tano zaidi. Madini hayo huingia kwenye damu, hufika kwenye ubongo unaokua, mengine hujificha kwenye mifupa na meno. Mara nyingi mtoto haonyeshi dalili. Hapati homa wala hatapiki. Kinachoonekana huonekana baadaye, darasani, kwa mtoto anayeshindwa kutulia au kushika anachofundishwa, na kufikia hapo hakuna atakayekumbuka dau.

Asubuhi nikawaambia wote. Baba hakukasirika, ila alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyesoma sana.

"Mwanangu, sisi tumekwangua vyombo tangu tukiwa wadogo kuliko hawa. Si unatuona tuko hai?"

Sikuwa na jibu zuri. Baba ana shinikizo la damu miaka mingi, na risasi ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kulipandisha kwa watu wazima. Lakini chumvi nayo imo, na umri umo, na baba yake naye alikuwa nalo. Nilinyamaza. Fundi ndiye aliyesema kwamba kama vumbi ni tatizo basi tuichome rangi kwa makuti, kama vyombo vinavyochomwa chini kuua wadudu wanaotoboa mbao. Hilo nilikataa kwa sauti. Kuchoma mbao isiyo na rangi ni jambo moja, na kuchoma rangi yenye risasi ni kuitengeneza hewa ya sumu ili muivute wote.

Tulichofanya ni hiki. Watoto waliondolewa kabisa karibu na rangi, na kama wifi angekuwa mjamzito naye angeondoka, kwa kuwa risasi humfikia mtoto aliye tumboni. Turubai likatandikwa chini ya dau. Rangi ikaloweshwa maji na kukwanguliwa ikiwa mbichi, na msasa ukatumika na maji vilevile, ili vumbi lisiruke. Kaka na mimi tulivaa barakoa za N95, maana ile ya kitambaa haizuii vumbi laini hivyo. Mabaki tuliyakusanya pamoja na mchanga wa juu pale watoto walipokuwa wamekaa, tukayafunga kwenye mfuko mgumu. Hatukuyachoma wala kuyamwaga baharini. Nguo za kazi zilivuliwa palepale na kufuliwa peke yake, na hakuna aliyemshika mtoto kabla ya kuoga. Wifi alikumbusha, kwa upole, kwamba zile nguo za siku nne za mwanzo alizifua yeye kwa mikono, pamoja na sare za shule.

Kisha ikaja zamu ya watoto kupewa kazi upya, na hapa ndipo nilipoona tulivyokuwa tumekosea tangu mwanzo. Ile kazi tuliyowapa kwa kuwa haina ufundi ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Kazi ya kalafati, tuliyowaficha kwa kuwa ni ya mafundi, haina sumu yoyote. Unachukua pamba, unaisokota iwe kama kamba nyembamba, unaichovya kwenye mafuta ya nazi, unaipiga kwa nyundo na patasi butu izame katikati ya mbao mbili. Chombo kikiingia majini mbao huvimba na kuibana pamba, na maji hayapiti tena. Mdogo alisokota pamba siku mbili mfululizo. Fundi alisema vidole vyake vinafaa kuliko vyake yeye. Kijana alipewa nyundo. Pigo lake la kwanza lilizamisha pamba yote upande wa pili, na Fundi akamfanya aitoe na kuirudia mpaka akajua uzito wa mkono wake.

Kuhusu misumari iliyong'olewa, niseme kwa kifupi: ihesabiwe na kutiwa kwenye ndoo, isiachwe mchangani. Pepopunda haitokani na kutu. Inatokana na vijidudu vilivyomo kwenye udongo na mavi ya wanyama, na msumari huvipeleka ndani sana. Chanjo ya utotoni humlinda mtoto wako. Wewe baba mwenye nyumba, kumbuka ni lini ulichanjwa mara ya mwisho.

Wiki iliyofuata tuliwapeleka watoto wote wawili hospitali. Kipimo cha risasi kwenye damu hakipatikani kila mahali, sampuli ilibidi isafirishwe, na tulingoja zaidi ya wiki mbili. Daktari alituuliza mambo ambayo sikuyategemea. Nyumbani mnapikia sufuria zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu? Mtoto anapakwa wanja? Halafu akauliza, mnavua?

Kaka akasema ndiyo, babu yao anavua. Daktari akauliza chubwi zinatoka wapi.

Zinatoka uani. Baba huziyeyusha mwenyewe kutoka kwenye betri kuukuu za magari, kwenye kopo juu ya jiko la mkaa, na amefanya hivyo tangu mimi nikiwa mtoto. Nakumbuka harufu yake. Na lile kopo ambalo mdogo alipikia wali na maharage, hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza, pamoja na mimi niliyekuwa nimeshapiga kelele kuhusu rangi.

Majibu ya kijana yalikuwa mikrogramu 3 kwa desilita ya damu. Ya mdogo yalikuwa 6. Tangu 2021 mwongozo wa WHO unasema ikifika 5 chanzo kitafutwe na kiondolewe. Dawa za kuitoa risasi mwilini hutolewa viwango vikiwa juu zaidi ya hapo. Kwa 6 kinachofanyika ni kumtenga mtoto na chanzo na kumlisha vizuri, kwa sababu mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalisi hunyonya risasi zaidi: dagaa wazima na mifupa yao, maziwa, maharage, mchicha na chungwa pembeni. Kama 6 ile ilitoka kwenye dau, kwenye kopo au uani kwa baba, damu haisemi.

Nilimpigia baba kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya," akakata. Nilipokwenda Bagamoyo baadaye jiko halikuwa na kopo, na mishipi yake ilikuwa imefungwa nati za chuma. Hatujalizungumzia.

Dau tulilishua siku za bamvua, maji yalipojaa hadi karibu na mivinje. Lilisukumwa juu ya magogo na watu wengi kuliko tulioalika. Lilivuja, kama Fundi alivyotuonya, kwa kuwa mbao zilizokauka miaka sita zinahitaji muda kuvimba. Kijana alikaa ngamani na upo akifua maji, baba yake akimhesabia. Wote walivaa majaketi ya kujiokolea. La mtoto lilinunuliwa la mtoto: mvalishe, lifunge, kisha livute juu kwa mabegani, na likipita masikio basi si lake. Mdogo alibaki pwani mikononi mwangu, amenuna, akisema pamba ile ameisokota yeye.

Kipimo chake cha pili ni mwishoni mwa Septemba. Nitawaandikia majibu.