Kabla Bodi Haijakaa, Mtaa Wako Ushatolewa

Tupige hesabu kwanza. Mtungi wa lita 20 ukiununua kwa bob 20, lita 1,000 zitakutoka shilingi 1,000. Jamaa wa ng'ambo ya barabara mwenye mfereji jikoni hulipa sehemu ndogo tu ya hiyo pesa. Halafu tunaambiwa watu wa mabati wanataka maji ya bure!

Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema maji safi ya kutosha ni haki yako. Sawa. Lakini nani huamua bomba lifike wapi?

Wengi hudhani ni MCA pekee. Kuna pia Hazina ya Sekta ya Maji, WSTF, ambayo Sheria ya Maji ya 2016 iliipa kazi ya kufadhili maji kwenye maeneo yaliyotengwa au yasiyohudumiwa vya kutosha, mitaa ya maskini mijini ikiwemo. (Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hiyo sheria nimeisoma kwa simu nikiwa foleni ya maji.)

Sasa sikia. Hazina haizunguki mitaani ikiuliza nani ana kiu, hungoja maombi. Na mjini, anayeomba na kuendesha mradi ni kampuni ya maji yenye leseni, si wewe na chama chenu. Kampuni nayo ina maswali yake: nani atalipa bili? Bomba litapita kwa shamba la nani? Hati iko wapi? Siwalaumu sana, maana zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosambazwa nchini hupotea au hayalipiwi. Lakini ona matokeo yake. Bodi inaweza kugawa pesa kwa haki kabisa, bila hongo wala simu ya mkubwa, na bado mtaa wako usiguswe kwa sababu jina lake halikufika mezani. Wenye shida kubwa ya maji ndio wenye karatasi chache.

Mlango mwingine ni kaunti. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na mradi usiokuwa humo una kazi ngumu kuingia kwenye bajeti. Shida ni kwamba vikao vya maoni huitwa katikati ya wiki, asubuhi, wakati wewe uko job. Mwaka jana nilienda kimoja. Barabara ilizungumzwa karibu saa mbili. Nikainua mkono, nikataja maji. Karani akaniuliza kwa upole kama mtaa wetu uko kwenye orodha ya kampuni.

Hauko. Nilienda ofisini kwao kuuliza, nikaambiwa tulete barua yenye idadi ya nyumba na mchoro wa vichochoro vyote. Tumeanza kuhesabu Jumamosi iliyopita. Plot nne za kwanza peke yake zina milango 61.