Barua ya Wazi kwa Afisi Iliyomwandika Kiziwi "Hakufika"

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya mikopo ya wajasiriamali, Wete.

Mheshimiwa aelewe kwamba anayemwandikia ni fundi cherehani wa Jadida, kiziwi, yule ambaye daftari la afisi yake limemwandika "hakufika" siku ya usaili wa mikopo.

Alifika. Alikaa benchi la mbele, mkabala na meza ya karani, bahasha ya kaki mapajani: barua ya sheha, kivuli cha kitambulisho, picha mbili za pasipoti. Tena alimpa karani kikaratasi chenye herufi kubwa: "Mimi ni kiziwi. Zamu yangu ikifika nipungie mkono." Karani alikisoma, akaitikia kwa kichwa, akakibana chini ya muhuri. Kisha akaanza kuita majina kwa mdomo, uso kauinamisha kwenye orodha. Afisi inasema jina la fundi liliitwa mara tatu. Hilo hana ubishi nalo. Hata lingeitwa kwa spika za msikiti, kwake ni mamoja.

Fedha aliyoomba ilikuwa ya mashine ya ovaloki. Hivi sasa sare za skuli anazoshona huzipeleka kwa fundi mwengine zikamaliziwe, na faida hubaki huko huko. Alipolalamika alijibiwa mstari mmoja: asiyefika hazingatiwi. Hakufika nani, Mheshimiwa?

Sheria Mheshimiwa anaijua. Zanzibar ilitunga sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu hao, unaowataja kwa jina wakalimani wa lugha ya alama katika huduma za umma. Kenya, katika Katiba ya 2010, iliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Uganda walitangulia kwa vitendo: Alex Ndeezi, kiziwi, aliingia bungeni 1996. Bunge zima liliweza kukaa na kiziwi likaelewana naye. Afisi ya Wete imeshindwa kupunga mkono.

Kila tarehe 3 Disemba, Siku ya Watu wenye Ulemavu, neno "jumuishi" halikosi kwenye mabango na fulana. Hongera. Siku ya pili mwenye kigari anabebwa ngazini kama gunia, na asiyeona anasomewa siri zake kwa sauti mbele ya foleni. Sensa ya 2022 ilikuta ulemavu kwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Wangapi kati yao wamo kwenye madaftari ya afisi zetu kama watu ambao hawakufika?

Fundi anataka daftari lisahihishwe na asailiwe kabla fedha za awamu hii hazijamalizika. Anataka namba za zamu ziandikwe ubaoni. Chaki haihitaji mfadhili. Na siku za usaili awepo mkalimani. Chama cha Viziwi Zanzibar kipo, kiulizwe.

Jibu liletwe kwa maandishi, tafadhali. Safari iliyopita afisi ilisema ilimpigia simu, hakupokea.